Nukta za Kidole Gumba

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani
Tanga
11 Machi 1984

Mdogo wangu Praxeda,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar, wewe na hayo meno bandia unayowachongea watu. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako Benedikta anakusalimu, anasema sabuni uliyompa dereva wa basi ilifika, mche mmoja na nusu. Ile nusu nyingine tunamwombea dereva afulie nguo zake salama. Noa ameng'oka jino la mbele na anataka shangazi yake amtengenezee jingine la kuazima. Asheri anatembea, yaani anaangukia kila kitu. Jumapili iliyopita nilikwenda Mwera kumwona Mama. Magoti yanamsumbua, lakini ulimi mzima kabisa, alinisema tangu nilipofika hadi nilipoondoka.

Sasa neno lenyewe. Unajua gitaa ninalopigia solo si langu, ni la bendi, na bendi ni ya kiwanda. Nalipwa kama karani wa stoo, lakini siku nikiacha kupiga gitaa hiyo stoo hawatanihitaji. Basi, shingoni mwa gitaa, kati ya chuma na chuma, pana nafasi ambazo sisi tunaziita vyumba. Chumba cha tatu kina nukta nyeupe, cha tano, cha saba, cha tisa vilevile, na cha kumi na mbili kina mbili. Ndizo zinazomwonyesha mpigaji yuko wapi. Zangu zimefutika kwa uzee, na umeme wenyewe ni wa mgao, ukumbini tunapigia karabai moja inayomulika matumbo ya wachezaji tu.

Nataka unitengenezee nukta mpya kwa ule unga wenu wa meno unaoganda. Ila zisiwe bapa. Zivimbe. Wala sitaziweka mbele zinapoonekana, nitazigandisha nyuma ya shingo, pale kinapopita kidole gumba. Usiniulize kwa nini. Ni wazimu wangu tu.

Maulid, kiongozi wetu wa bendi, anasema siku hizi naringa. Ati juzi alinipungia mkono sokoni, alikuwa upande wangu wa kushoto, nikampita kama nampita mlingoti. "Wee Zabroni," ananiambia, "umekuwa bwana mkubwa, hata salamu zetu hazikufiki?" Nilicheka. Sikumwona kabisa.

Nukta saba zatosha. Nijibu upesi.

Kaka yako,
Zabron

Ilala, Dar es Salaam
2 Aprili 1984

Kaka Zabron,

Shikamoo, na milele amina. Barua yako nimeipata, imekaa njiani wiki mbili. Mimi sijambo. Kazini tuko watatu tu, maana vifaa havipo na wagonjwa wanarudishwa na mapengo yao. Mwambie Noa la kwake litaota lenyewe, ashukuru. Msalimie sana wifi.

Nukta nimekutengenezea, zimo katika kikopo cha dawa ndani ya bahasha hii. Usishtuke rangi. Unga mweupe wa meno umekwisha tangu Januari na meli haijaja, umebaki huu wa waridi tunaotengenezea fizi. Nimezifanya kubwa kama punje ya mtama, nikazisugua zisikukwaruze. Gandisha kwa gundi ya viatu, kwanza futa mafuta ya mkono kwa spiriti.

Kaka, umesema nisiulize. Nauliza. Hayo ya kumpita Maulid yameanza lini? Je, unapotaka kuitazama shingo ya gitaa huku uso uko mbele kwa watu, unaiona? Au lazima ugeuze kichwa kizima? Ukivuka barabara, baiskeli zinakutokea ghafla?

Njoo Dar wiki moja tu. Daktari wa macho yuko jengo la pili kutoka tunapofanyia kazi, nitakuingiza bila foleni. Utalala kwangu. Naomba sana uje, kaka. Nakuomba kama naomba chakula.

Mdogo wako,
Praxeda

Ngamiani, Tanga
19 Juni 1984

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kuchelewa. Asheri alipata surua, tukawa hatulali, sasa amepona na makovu yake. Mama alikuja kutusaidia, akakaa kwetu tangu Pasaka hadi Mei, na ndiyo sababu Benedikta amekonda. Nakutania. Walipatana vizuri.

Hizo fizi zako, Praxeda, ni dawa! Nilizibandika kwanza kama desturi, tatu, tano, saba, tisa, kumi na mbili, nikaona sivyo. Jicho linahitaji nukta nyingi, kidole gumba kinachanganyikiwa zikizidi. Basi nikaziondoa zote nikapanga nitakavyo mimi. Chumba cha tatu hakina kitu, huko naenda mwenyewe. Cha tano kina mbili, maana solo zangu nyingi zinaanzia hapo. Cha saba moja. Cha tisa nimekinyima. Cha kumi na mbili kina tatu zilizojipanga kama mafiga, nikizigusa najua nimefika juu na pa kwenda hapana. Moja imebaki, Noa ameibana kwenye pengo lake.

Sasa napiga nimewatazama watu usoni, sigeuzi kichwa kama kuku. Maulid anasema nimerudi ujana. Jumapili kwenye bugi, dansi letu la mchana, watu walinitunza mpaka nikaona haya.

Ulivyoniuliza nimeelewa unakokwenda. Unamfikiria Baba. Lakini Baba aliukata mkonge miaka ishirini na sita pale Mwera. Miba ilimchoma, utomvu ukamwingia, macho yakafa. Kila mtu kambini anajua. Mimi tangu nizaliwe sijashika panga la mkonge hata siku moja, Baba mwenyewe alikataa. Yangu ni uchovu wa karabai.

Isitoshe siwezi kuja sasa. Wanasema kiwanda kitapunguza bendi, kutoka kumi tubaki sita. Mtu akisikia mpiga solo kaenda Dar kwa daktari wa macho, nitakuwa wa kwanza kuitwa ofisini. Tafadhali usimwandikie mtu yeyote habari hii, hata Mama.

Nitumie nyingine ndogo zaidi, hizi za kwenye cha tano zinanikwaza nikishuka kwa kasi.

Zabron

Ilala, Dar es Salaam
8 Julai 1984

Kaka Zabron,

Shikamoo. Nimefurahi Asheri amepona. Nimefurahi pia kuwa bugi lilikwenda vizuri, naapa nimefurahi, ingawa nilipoisoma barua yako nilikaa kitandani nayo muda mrefu.

Hizi hapa nukta kumi, ndogo kama punje ya ulezi. Nyingine nimezipa mgongo mkali kidogo ili kidole kizitofautishe, utaona mwenyewe.

Kuhusu Baba na mkonge. Kuna jambo nilitaka kukuandikia, kaka, lakini karatasi hii niliikata kwenye daftari la kazini na ndiyo ya mwisho, imekwisha. Njoo, tutaongea. Sema unakuja kununua nyuzi za gitaa. Hakuna atakayeshangaa, nyuzi hazipo nchi nzima.

Mdogo wako,
Praxeda

Ngamiani, Tanga
27 Januari 1985

Praxeda,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya. Najua nimekaa miezi sita. Barua zako tatu nilizipata, zote zinasema njoo, nikaona jibu unalijua.

Sisi wazima. Benedikta ameanza kuuza vitumbua mlangoni. Madukani vitu vimeanza kurudi, wenye pesa wanaagiza wenyewe, hata dawa ya meno ya bomba nimeiona, kuinunua ndiyo shughuli nyingine. Mama hajambo.

Bendi tumebaki sita na mimi nimo. Meneja mpya anasema atatuletea magitaa mapya kutoka nje. Wenzangu wanashangilia. Mimi nilimwuliza kama mtu anaweza kubandika vitu vyake kwenye shingo. Akasema chombo kipya hakiguswi hata kwa kucha.

Benedikta anasema mistari yangu inapanda kama njia ya kwenda Lushoto. Ni taa.

Zabron

Ilala, Dar es Salaam
15 Februari 1985

Kaka Zabron,

Shikamoo. Salamu kwa wifi na watoto.

Si taa. Mstari wa mwisho umeandika juu ya mstari mwingine, kaka, nimechukua saa nzima kuutenganisha. Mchana taa haihusiki na wewe barua huandika mchana, nakujua.

Ugonjwa wa namna hii una dawa ya matone. Hairudishi kilichokwisha kupotea, ila inazuia kinachobaki kisiende. Kinachobaki, kaka! Kila mwezi unaokaa ni mwezi unaoutupa. Ukija sasa hivi pengine utabaki na ya kutosha kuwaona wanao wakikua. Nakasirika ninapoandika haya na sijui namkasirikia nani.

Nitumie telegramu, useme siku. Nitakuja kukupokea.

Praxeda

Ngamiani, Tanga
30 Septemba 1985

Mdogo wangu Praxeda,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko huu ni wa Benedikta, mimi nasema yeye anaandika. Anasema nisiende mbio. Watoto hawajambo, Noa yuko shule sasa, amekuwa wa nne darasani. Mama anakusalimu.

Nitakueleza yote, nimechoka kuficha.

Magitaa yalikuja Agosti. Mazuri, mekundu, shingo nyembamba laini kama chupa. Meneja akaandaa bugi Raskazone, bustanini kwenye nyumba ya wageni wa kiwanda, akaalika wakubwa wenzake. Jumapili saa tisa alasiri, jua limewaka, huwezi kusingizia giza. Nimelishika gitaa, nikatafuta kwa kidole gumba, hapana kitu. Nikaona haidhuru, nitageuza kichwa nitazame. Nikageuza. Nikatazama shingo, nayo nukta zake wameweka nyeupe juu ya mti mweupe, na mimi wakati huo nilikuwa naona katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la kifungo. Nikaanzia chumba cha nne badala ya cha tano. Wimbo mzima wao wako huku mimi niko kule. Nilisikia kabisa kuwa nimekosea, Praxeda, masikio yangu hayana ugonjwa. Sikujua tu nitoke vipi. Maulid akanijia sikioni, "Zabroni, wapiga nini hino? Shuka, ndugu yangu, wanicheka hawa watu." Nikashuka. Ngazi za jukwaa zilikuwa mbili, nikaona moja. Nikaanguka na gitaa la meneja mbele ya wake za watu.

Nilipoanguka hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka.

Wiki ile ile nikaitwa ofisini. Bendi basi, stoo basi.

Alikuja hapa Tanga daktari wa macho kwa siku mbili, Benedikta akanishika mkono tukaenda, tulipanga mstari tangu alfajiri. Akasema la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kidogo sana, na kwamba nimechelewa miaka. Amenipa matone ya mwezi mmoja. Herufi kubwa bado nazisoma, nikikaa mlangoni mchana, moja moja. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyekuwa na ugonjwa huu. Nikamwambia Baba alipofuka, lakini yake ilikuwa mkonge. Akanitazama, sijui kwa nini, akamwita mgonjwa mwingine.

Ulikuwa na haki na mimi nilikuwa mbishi. Sikuombi kitu. Ningependa tu uniandikie, siku zimekuwa ndefu.

Kaka yako,
Zabron

(Wifi, mimi Benedikta naongeza. Hali chakula, hazungumzi na watu. Mwandikie.)

Ilala, Dar es Salaam
20 Oktoba 1985

KAKA ZABRON,

SHIKAMOO. NAMSALIMU WIFI, NAWASALIMU NOA NA ASHERI, NA MAMA PIA. KAZINI TUMEPATA UNGA MWEUPE HATIMAYE.

NIMEANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI USOME MWENYEWE, MCHANA, MLANGONI, MOJA MOJA KAMA ULIVYOSEMA. BARUA HII NI YAKO PEKE YAKO. USIMPE MTU AKUSOMEE.

SI MKONGE. HAIKUWA MKONGE HATA SIKU MOJA.

JUNI MWAKA SABINI NA NANE NILIMLETA BABA HAPA HOSPITALI. DAKTARI AKASEMA NI PRESHA YA MACHO, AKASEMA INAFUATA DAMU, MZAZI ANAMPA MTOTO. ALINIAMBIA NIWALETE WATOTO WOTE WA BABA, NA WATOTO WAO WATAKAPOKUWA, WAPIMWE KILA MWAKA, MAANA IKIJULIKANA MAPEMA DAWA IPO. NILIRUDI MWERA NIKAMWAMBIA MAMA. WAKATI ULE WAZEE WA KINA BENEDIKTA WALIKUWA WAMEKWISHA KUBALI POSA, NDOA NI AGOSTI. MAMA AKASEMA, NANI ATAMTOA BINTI YAKE KWA WATU WENYE UPOFU WA DAMU? AKASEMA NINYAMAZE MPAKA NDOA IPITE, NA KAMBINI TUWAACHIE MKONGE WAO.

NDOA IKAPITA. NIKASEMA NISUBIRI AZALIWE MTOTO. AKAZALIWA NOA. NIKASEMA NISUBIRI BABA ATULIE KABURINI. AKAZALIWA ASHERI. KAKA, KILA MWAKA KULIKUWA NA SABABU NZURI.

MIMI NIMEPIMWA KILA MWAKA TANGU SABINI NA NANE. MACHO YANGU NI MAZIMA.

ULIPONIOMBA NUKTA ZA KIDOLE GUMBA NILIJUA SIKU ILE ILE. NILIKAA KWENYE MASHINE NIKIZISUGUA NIKIJUA KABISA NINACHOFANYA. NINGEKATAA KUZITUMA UNGEKWAMA, UNGEKWAMA UNGEKUJA. NILIKUTUMIA ILI USIWE NA HASIRA NAMI SIKU UTAKAPOJUA. NIMEKUSAIDIA KUJIFICHA MWAKA NA NUSU.

SIOMBI UNISAMEHE, SIJAFIKA HAPO. NIITE NITAKUJA.

PRAXEDA

Ngamiani, Tanga
12 Desemba 1985

Wifi Praxeda,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ya Oktoba imefika juzi. Wanasema kulikuwa na mafuriko, mifuko ya posta ikalala njiani. Matone yaliisha mwishoni mwa Oktoba na dukani hayakuwepo. Lile jicho uliloliandikia herufi kubwa halipo tena. Alijaribu mlangoni, akaishika karatasi hivi na hivi, kisha akanipa mimi.

Nilianza kumsomea kwa sauti, ndivyo ninavyomsomea barua zote. Nilisoma salamu. Nilisoma unga mweupe, akatabasamu. Pale ulipoandika nisipewe mimi, nilikuwa nimekwisha kuanza sentensi, nikaimalizia tumboni. Akaniuliza, "Mbona wanyamaza?" Nikamwambia karatasi imelowa maji, wino umekimbia, ngoja niikaushe. Nikatoka nje na barua yako nikaisomea kwenye jiko la vitumbua, mara tatu, na wateja wamesimama.

Siku ya ndoa yangu wewe ndiye uliyenivika shela. Uliniinamia ukanifunga vishikizo mgongoni, kimoja kimoja, na ulikuwa unajua. Mama alilala katika nyumba yangu kutoka Pasaka hadi Mei, akimwosha Asheri uso wake kila asubuhi, na alikuwa anajua. Mimi ningeolewa tu. Nataka ulielewe hilo. Ningeambiwa ningelia siku mbili kisha ningeolewa naye, na ningemshika sikio kila mwaka mpaka kwa daktari. Si mtu wa kunishinda, mume wangu. Hamkunipa nafasi hiyo.

Sina nguvu ya kugombana, nina mtu wa kuongoza hadi chooni.

Jumatatu ya tarehe sita Januari napanda basi la asubuhi na Noa na Asheri. Uje stendi utupokee. Utupeleke kwa huyo daktari unayemwendea wewe kila mwaka, awapime, aandike kwenye karatasi lini warudi na lini tena. Sitalala kwako, nina binamu Temeke. Yote mengine tutayaongea siku nitakayoweza, na huenda nisiweze.

Barua yako sijaichoma. Nimeiweka chini ya sanduku. Kumsomea au kutomsomea, bado sijajua, na nakuchukia kwa kuniachia mimi kazi hiyo. Anakupenda kuliko watu wote, kila siku anasema laiti angemsikiliza Praxeda.

Jana ameniuliza tena kama karatasi imekauka, na uliandika nini. Nimemwambia umetusalimia.

Benedikta